Colin Turnbull: kutoka boti ya sinema ya Ubundu mpaka nyimbo za pori la Ituri

Mwaka wa 1951, wakati Ubundu ilikuwa ingali inaitwa Ponthierville na Kisangani ikiitwa Stanleyville, kundi la watu wa sinema kutoka Marekani na Uingereza lilifika kwenye mto Ruiki, ule unaoingia katika Lualaba. Walikuja kutengeneza sinema ya The African Queen. Mkubwa wa kazi alikuwa John Huston, na wachezaji wake walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Wakaaji wazee wa Ubundu wamehadithia watoto wao habari ya wazungu wale waliobeba mashine zao kwa treni, kwenye reli ya kilomita 125 ambayo tangu 1906 ilikuwa inazunguka maporomoko saba ya Boyoma.

Sinema ile ilihitaji boti. Sam Spiegel, tajiri aliyetoa pesa, alitafuta watu wa kusaidia kuitengeneza na kuisafirisha. Kati ya watu aliowapa kazi, mmoja alikuwa kijana Mwingereza wa miaka 26 ambaye hakuwa fundi wa boti wala mtu wa sinema. Alikuwa anapita tu, anatafuta pesa ya njia. Jina lake Colin Turnbull. Watu wa sinema walikuja, wakamaliza kazi, wakaenda. Yeye Congo haikumwacha tena, na miaka kumi baadaye kitabu chake kilijulisha pori la Ituri kwa watu wa dunia nzima.

Turnbull alizaliwa tarehe 23 Novemba 1924 huko Harrow, upande wa London, katika jamaa lenye mali. Baba yake alikuwa mtu wa Scotland, mama yake wa Ireland. Alisoma Westminster, moja ya masomo makubwa ya Uingereza, na huko akapenda sana muziki, akawa anapiga kinanda cha kanisa. Kisha akaingia chuo kikuu cha Oxford, katika Magdalen College. Vita ya pili ya dunia ikakata masomo yake, akatumika katika jeshi la maji, halafu akarudi kumaliza.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Mtu huyu, ambaye vitabu vyake vinasomwa na kila anayeanza antropolojia, hakusoma antropolojia katika masomo yake ya kwanza ya chuo kikuu. Alisoma filozofia na siasa. Alipomaliza akaenda India, katika chuo kikuu cha Banaras, akajifunza dini na filozofia ya Wahindi kwa muda wa miaka miwili. Alikuwa anatafuta namna nzuri ya mwanadamu kuishi, lakini alikuwa bado hajui atafute wapi.

Alipotoka India mwaka wa 1951, alipitia Afrika pamoja na rafiki yake Newton Beal, mwalimu wa Marekani. Ndipo wakafika Epulu, kwenye barabara inayotoka Kisangani kuelekea Mambasa na Beni. Pale aliishi mzungu mwingine, Patrick Putnam, na maisha ya huyu yanafaa kuwekwa karibu na ya Turnbull, maana ni kinyume chake.

Putnam alikuwa Mmarekani wa jamaa kubwa. Yeye antropolojia aliisoma akingali kijana, kwenye chuo kikuu cha Harvard. Alitumwa Congo mwishoni mwa miaka ya 1920, na badala ya kurudi kuandika kazi yake, akabaki. Kando ya mto Epulu akajenga makao, akatibu wagonjwa, akapokea wasafiri, akaishi na Bambuti na wanakijiji karibu miaka 25. Alijua mambo mengi sana ya pori lile. Lakini aliandika kidogo mno, na alipokufa mwaka wa 1953, sehemu kubwa ya yale aliyoyajua ikazikwa pamoja naye. Mmoja alikuwa na masomo lakini hakuandika. Mwingine alikuja bila masomo yale, naye ndiye aliyeandika.

Safari ile ya kwanza ya Turnbull haikuwa ya uchunguzi. Aliwasikia Bambuti wakiimba usiku, na sauti zile zikamkamata. Baadaye akaenda Canada, akafanya kazi ya migodi ya dhahabu huko Yellowknife. Mwaka wa 1954 akarudi Epulu, safari hii na mashine za kunasa sauti. Ndipo akaona kwamba kupenda peke yake hakutoshi. Akarudi Oxford, akakaa tena kwenye benchi ya wanafunzi, sasa kwa ajili ya antropolojia, chini ya Evans-Pritchard, mwalimu aliyejulikana kwa kazi yake juu ya Waazande na Wanuer. Mwaka wa 1957 na 1958 akarudi Ituri kwa uchunguzi mrefu, na huo ndio uliozaa kitabu The Forest People, kilichotoka 1961.

Lugha iliyomsaidia ilikuwa Kingwana, Kiswahili cha huku kwetu mashariki. Rafiki na msaidizi wake mkubwa alikuwa kijana Mumbuti aitwaye Kenge. Turnbull hakubaki kijijini kungoja Bambuti waje kumhadithia. Alifuata makambi yao ndani ya pori, akalala kwenye vibanda vya majani, akaenda nao kwenye uwindaji wa nyavu, ambako wanaume wanasimamisha nyavu na wanawake na watoto wanafukuza nyama kuelekea kule.

Alieleza kwamba kwa Bambuti pori si mahali pa kuogopwa. Ni baba na mama, linawapa chakula, nguo na kivuli. Likitokea jambo baya, kama kifo au uwindaji kukosa nyama, maana yake pori limelala, basi linapaswa kuamshwa kwa nyimbo. Ibada hiyo inaitwa molimo, na chombo chake ni mrija mrefu ambao mtu anapuliza na kuimbia ndani yake usiku.

Turnbull alitazamia kuona chombo cha mti wa zamani, kimechongwa vizuri. Kumbe walichotoa kilikuwa bomba la chuma. Alishangaa, hata akavunjika moyo kidogo. Wenyewe hawakuona shida yoyote: chuma hakiozi kama mti, na jambo la maana ni sauti. Siku ile alijifunza kwamba mawazo ya mgeni juu ya mila ya watu yanaweza kuwa mbali kabisa na yale ambayo wenyewe wanayaheshimu.

Habari nyingine iliyoenea ni ya Kenge kutoka porini. Turnbull alimpeleka kwa gari mpaka Ishango, kwenye mbuga ya wanyama kando ya ziwa Edward. Kenge alikuwa amekua mahali ambapo macho hayafiki mbali kwa sababu ya miti. Alipoona nyati kwa mbali sana kwenye uwanda, alidhani ni wadudu. Gari likasogea, wadudu wakawa wakubwa zaidi na zaidi, naye akadhani ni uchawi. Habari hiyo ilichapishwa 1961 katika gazeti la elimu ya saikolojia huko Marekani, na mpaka leo walimu wanaitumia kuonyesha kwamba hata kuona kwa macho mtu anakujifunza mahali alipolelewa.

Mwaka wa 1959 Turnbull alipata kazi New York, kwenye makumbusho makubwa ya American Museum of Natural History, upande wa mambo ya Afrika. Mwaka uleule akakutana na Joseph Towles, Mmarekani mweusi, ambaye alikuwa mwenzi wake wa maisha kwa karibu miaka thelathini. Towles naye akawa mwanaantropolojia. Alisoma Makerere, Uganda, na akafanya uchunguzi wake mwenyewe Ituri, kwa Wambo, juu ya nkumbi, ile tohara ya vijana.

Lakini maisha ya Turnbull yana sehemu ya giza pia. Kati ya 1965 na 1967 aliishi na Waik, kabila dogo la milimani kaskazini mwa Uganda. Watu hawa walikuwa wamezuiwa kuwinda kwenye bonde la Kidepo lilipofanywa mbuga ya taifa, tena njaa kali ikawapiga. Mwaka wa 1972 akatoa kitabu The Mountain People. Ndani yake Waik walionekana watu wasio na upendo hata kidogo, wanaonyang'anya wazee chakula na kucheka mateso ya wengine. Alifika mpaka kutoa shauri kwa serikali ya Uganda kwamba watawanywe, ili desturi yao iishe.

Wataalamu wengi walikasirika. Fredrik Barth wa Norway alimshambulia vikali mwaka wa 1974. Katika miaka ya 1980, Mjerumani Bernd Heine, mtaalamu wa lugha, alienda kwa Waik. Akaona watu tofauti kabisa na wale wa kitabu, na akaonyesha kwamba baadhi ya watu waliompa Turnbull habari hawakuwa hata Waik. Yule aliyejua kusikiliza porini, mlimani alikuwa amechukua njaa ya watu akaiita tabia yao.

Hata kitabu cha Ituri hakikuachwa bila kuulizwa. Wachunguzi waliokuja baadaye waliona kwamba Turnbull alitenga sana pori na kijiji, kana kwamba Bambuti waliishi vizuri peke yao na wanakijiji walikuwa wasumbufu tu. Kila mkaaji wa Mambasa anajua kwamba nyama, asali, ndizi na chumvi vimepita kati ya pande hizo mbili siku nyingi.

Towles alikufa mwaka wa 1988 kwa ugonjwa wa sida. Siku ya maziko Turnbull aliweka masanduku mawili, moja la mwenzi wake na lingine tupu, la kwake mwenyewe, maana aliona maisha yake yamekwisha pia. Mwaka wa 1992 akawa mtawa wa dini ya Budha. Tarehe 28 Julai 1994 akafa Virginia, Marekani, kwa ugonjwa uleule. Alikuwa na miaka 69.

Sauti alizonasa zimefika mahali ambapo hata yeye hakufika. Mwaka wa 1977, Marekani ilipotuma vyombo viwili vya Voyager angani, kila kimoja kilibeba sahani ya dhahabu yenye muziki wa dunia. Humo mna wimbo wa mabinti wa Bambuti, wimbo wa kuwaingiza utu uzima, ulionaswa na Turnbull. Sasa uko mbali kupita sayari zote.

Epulu yenyewe imekuwa makao ya hifadhi ya okapi tangu 1992, na imeona vita na mauaji. Chuo kikuu cha Kisangani, kilichofunguliwa 1963, kinafundisha vijana wa Ubundu, wa Mambasa na wa Bafwasende. Lakini makaratasi na sauti ambazo Turnbull na Towles walikusanya, ziliachwa Marekani, kwenye chuo cha Charleston, Carolina ya Kusini. Mwanafunzi wa Tshopo anayetaka kusoma yale ambayo wazee wa Ituri walisema miaka sabini iliyopita, anahitaji visa na tikiti ya ndege. Anayetaka kuwasikia wajukuu wa wazee hao anahitaji tu barabara ya Epulu, kalamu, na Kiswahili alichozaliwa nacho.