Vesalius: Kijana aliyepanda mti wa kunyongea kusaka mifupa ya kusomea

Kama umejiunga na chuo mwaka huu kusomea uuguzi, udaktari au maabara, basi tayari unajua mateso ya anatomia na fiziolojia. Mifupa 206, na mwalimu anataka uijue yote kwa majina. Umekesha hosteli na kikombe cha chai iliyopoa, umekariri hadi macho yakawa mekundu, halafu asubuhi unawekewa mezani kamfupa kadogo ka kifundo cha mkono na kuulizwa ni kapi kati ya vinane. Kichwa kinakuwa cheupe, pee!

Hebu leo nikupigie stori ya jamaa aliyepitia haya haya karibu miaka 500 iliyopita. Yeye hakuwa na simu ya kupigia picha ubao, hakuwa na kitabu cha kuaminika, na mifupa yenyewe ilibidi aitafute usiku.

Anaitwa Andreas Vesalius. Alizaliwa Brussels, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji, tarehe 31 Desemba 1514. Usimwonee huruma sana, maana hakutoka familia ya kulala njaa. Babu yake alikuwa daktari, baba wa babu naye daktari, na babake mzazi alikuwa mtengeneza dawa katika nyumba ya Kaisari Charles wa Tano. Nyumba yao ilikuwa karibu na kilima ambako wahalifu walinyongwa na miili yao kuachwa ikining'inia. Mtoto anayekua akiona hayo kila siku ama anakimbia, ama anazoea. Huyu alizoea.

Mwaka wa 1533 alienda Paris kusomea udaktari. Hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu ukidhani mihadhara yenu inachosha, sikia ya wakati huo. Profesa alikaa juu kwenye kiti kirefu akisoma kitabu kwa Kilatini. Chini, kinyozi (ndiyo, kinyozi, maana ndio waliokuwa wakishika wembe) alipasua maiti. Mtu wa tatu alishika kijiti na kuonyesha sehemu inayosomwa. Profesa hagusi maiti, kinyozi haelewi Kilatini, na wanafunzi waliokaa nyuma hawaoni kitu. Isitoshe, hakukuwa na barafu ya kuhifadhia mwili. Shughuli ilifanywa msimu wa baridi, siku chache tu, wakianza na tumbo kwa sababu ndilo linaloharibika mapema.

Na kitabu kilichosomwa kilikuwa cha nani? Cha Galen, daktari Mgiriki aliyezaliwa mwaka wa 129 huko Pergamo, sehemu ambayo sasa ni Uturuki. Galen alikuwa kichwa kweli, usimdharau. Lakini katika dola ya Roma ya enzi zake kupasua maiti ya binadamu hakukukubalika, kwa hivyo alipasua nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe, kisha akaandika kuhusu mwili wa mtu. Kwa takriban miaka 1,300 madaktari walimfuata kama maandiko. Kinyozi akipasua na kukuta kitu tofauti na kitabu, kosa lilikuwa la maiti.

Vesalius hakutosheka na mchezo huo wa kijiti. Pale Paris kulikuwa na makaburi ya Innocents, ambako mifupa ya zamani ilikuwa ikifukuliwa na kurundikwa. Yeye na wenzake walienda huko kujisomea. Walifikia kiwango cha kufungwa macho kwa kitambaa na kuwekeana dau na wenzao: kwa nusu saa nzima, leteni mfupa wowote na tutautaja kwa kuupapasa tu. Kulikuwa pia na uwanja wa kunyongea wa Montfaucon, ambako nusura aliwe na mbwa wakali waliokuwa wakigombania mizoga ile ile aliyoitaka yeye.

Vita kati ya Ufaransa na himaya ya Charles vilipozuka mwaka wa 1536, ilibidi arudi kwao. Akatua Leuven, mji wa chuo alikokuwa amesoma awali. Siku moja akitembea nje ya mji na rafikiye Gemma Frisius, ambaye baadaye alivuma kwa hesabu na ramani, walifika mahali pa kunyongea na kuona kitu cha ajabu. Kulikuwa na maiti ya mwizi ambayo ndege walikuwa wameinyofoa nyama yote. Kilichobaki ni mifupa mitupu iliyoshikanishwa na kano zake.

Sasa jiweke katika viatu vyake. Tangu aanze masomo hajawahi kumiliki hata kiunzi kimoja kamili. Mbele yake kinaning'inia kimoja, cha bure.

Alipanda. Gemma akamsaidia kutoka chini. Aling'oa paja, akachukua mikono na miguu, akavipeleka nyumbani kwa siri. Lakini kifua kilikuwa kimefungwa juu kwa mnyororo, na mchana kazi hiyo ingemfichua. Basi jioni akabaki nje makusudi hadi malango ya mji yakafungwa, na usiku, peke yake kati ya maiti, akapanda tena mpaka akakipata. Akachemsha mifupa, akatafuta kwingine vipande vilivyokosekana, akaunganisha. Watu walipouliza, aliwaambia kiunzi hicho amekuja nacho kutoka Paris.

Mwaka uliofuata alikuwa Padua, Italia, ambako chuo kilikuwa na uhuru kuliko vingi vya Ulaya. Alihitimu udaktari tarehe 5 Desemba 1537 na karibu papo hapo akateuliwa kufundisha upasuaji na anatomia. Alikuwa na miaka 22. Ndiyo, umri wa baadhi yenu mnaosoma hapa, ambao bado mnaomba nauli nyumbani.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kushuka kutoka kile kiti kirefu. Alipasua mwenyewe, akaongea mwenyewe, wanafunzi wakimzunguka wakitazama. Mwaka wa 1539 hakimu mmoja wa Padua, Marcantonio Contarini, alipendezwa na kazi hiyo hata akaanza kumpa miili ya wahalifu walionyongwa.

Lakini hata hiyo haikutosha, na hapa sitaki nikupambie stori. Mwanamke mmoja, mpenzi wa mtawa, alifariki ghafla mjini humo. Wanafunzi wakauiba mwili wake kaburini. Wazazi wake na mtawa walipoanza kulalamika kwa hakimu, wanafunzi walikuwa tayari wamemchuna ngozi yote ili asitambulike. Hili si uvumi wa maadui zake. Vesalius alilisimulia mwenyewe kitabuni, bila dalili ya aibu. Mimi kila nikilisoma huwaza wazazi wale, ambao walizika mtoto na hawakupata hata kaburi la kutembelea. Ile michoro maridadi tunayoisomea ilitokana na miili kama huo wake, ya watu ambao hakuna aliyewaomba ruhusa.

Haya, turudi kwa Galen. Usidhani Vesalius aliamka siku moja akajua mzee amekosea. Mwaka wa 1538 alichapisha kurasa sita kubwa za michoro kwa ajili ya wanafunzi, na ndani yake alichora ini lenye vipande vitano na ule wavu wa ajabu wa mishipa ya damu ambao Galen alisema uko chini ya ubongo. Wavu huo unao kondoo, unao ng'ombe. Wewe huna. Vesalius alikuwa amepasua vichwa vya watu, macho yake yameona kwamba hakuna kitu, na bado mkono ukachora kile kitabu kilichosema. Alikiri baadaye kwamba alikuwa akiweka kichwa cha kondoo au ng'ombe karibu darasani ili awaonyeshe wanafunzi kile alichoshindwa kukipata kwa mtu. Ukishawahi kujibu mtihani vile mwalimu anavyotaka ilhali unaona kuna kasoro, unajua hali hiyo.

Mambo yalibadilika Bologna mwaka wa 1540, alipoweka kiunzi cha nyani kando ya kiunzi cha mtu. Alichokieleza Galen kilikuwa kiko pale kabisa, kwa nyani! Tangu hapo akaanza kuhesabu upya. Taya la chini la mtu ni mfupa mmoja, si miwili. Mfupa wa kidari una sehemu tatu, si saba. Na wale waliofundishwa kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kwa sababu ya Adamu, alihesabu akakuta jozi 12 kwa wote, mwanamume na mwanamke. Ukitaka, jihesabu hapo ulipo.

Mwaka wa 1543, akiwa na miaka 28, alichapisha huko Basel, Uswisi, kitabu chake kikuu kuhusu muundo wa mwili wa binadamu, chenye sehemu saba na michoro zaidi ya 200. Vibao vya mbao vilivyochongwa michoro hiyo vilivushwa milima ya Alps kutoka Italia hadi kwa mchapishaji, Johannes Oporinus. Michoro yenyewe si ya kutisha. Kuna kiunzi kimeegemea sepetu kama mkulima aliyechoka, kingine kimesimama kando ya kaburi kikitafakari fuvu. Kwenye picha ya kwanza Vesalius mwenyewe ameweka mkono kwenye maiti, na vinyozi wamesukumwa chini ya meza.

Walimu wake wa zamani walipandwa na hasira. Jacobus Sylvius, aliyemfundisha Paris, aliandika kijitabu akimwita kichaa kwa kuchezea jina lake. Hoja yake? Kwamba Galen hakukosea, ila mwili wa binadamu ndio uliobadilika tangu enzi zake. Inasimuliwa kwamba alipoonyeshwa mfupa wa paja ulionyooka kuliko alivyoandika Galen, alilaumu suruali za kubana. Maze, ukisikia mtu mtandaoni akilaumu skini jinsi kwa kila kitu, jua ana mababu.

Vesalius aliumia. Alipopata kazi kama tabibu wa Charles wa Tano, alichoma sehemu kubwa ya maandishi yake, miaka ya kazi ikawa majivu. Aliingia ikulu, akazunguka na majeshi, akaoa mwaka wa 1544, akapata binti. Alilipwa vizuri. Baadaye akiwa Uhispania chini ya Mfalme Philip wa Pili, alilalamika kwamba hawezi hata kupata fuvu moja la kuangalia. Yule aliyelala nje ya malango ya mji kwa ajili ya kifua cha mwizi! Padua kazi iliendelea na wengine, akiwemo Falloppio, ambaye jina lake unalikuta kwenye mirija ya falopio. Huyo naye alimsahihisha Vesalius sehemu kadhaa, kwa heshima.

Mwaka wa 1564 aliondoka Uhispania kwenda kuhiji Yerusalemu. Uvumi wa kwa nini aliondoka ni mwingi, hata kuna unaodai alimpasua mtu akakuta moyo ungali unapiga. Wanahistoria wengi hawauamini. Akirudi kwa meli aliugua, akafia kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, akiwa na miaka 49. Kaburi lake halijulikani lilipo.

Lakini Basel, mwaka ule wa kitabu, alikuwa amempasua mhalifu aliyeuawa kwa hukumu aitwaye Jakob Karrer na kuunganisha mifupa yake kwa mkono wake. Kiunzi hicho bado kipo katika makumbusho ya anatomia ya mji huo.