Imamu Aliyeshindwa Kusema: Maisha ya Ghazali kwa Wanaoanza Chuo



Ndugu zangu, hasa nyinyi mlioingia chuoni mwaka huu, safari hii napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake mmelisikia tangu madrasa: Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, Allah amrehemu. Tumezoea kumwita Hujjatul Islam, na tunamjua kwa Ihya Ulumiddin, kitabu ambacho masheikh wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wamekipenda na kukisomesha. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao hatuugusi sana kwenye darsa zetu. Akiwa na umri wa miaka 37 hivi, mwalimu mwenye cheo ambacho kila mwanachuoni wa zama zake alikitamani, aliugua moyo mpaka akashindwa kusema na kushindwa kula.

Nimeuchagua upande huo kwa sababu nilipokuwa mwaka wa kwanza, wiki chache tu baada ya kuanza masomo hapa Rubavu, na mimi chakula kilinishinda. Nilikuwa naamka katikati ya usiku, natazama wekundu wa Nyiragongo kule upande wa Goma, nahesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani na faranga zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi. Niliona haya kumwambia mtu. Ndugu mmoja niliyethubutu kumgusia alinijibu kwamba niitazame vizuri imani yangu. Alisema kwa nia njema, lakini nilitoka pale nina mizigo miwili badala ya mmoja. Laiti siku ile ningeyajua maisha ya Ghazali kama ninavyoyajua leo.

Yatima aliyefuata chakula

Ghazali alizaliwa mwaka 1058, sawa na mwaka 450 Hijria, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo sehemu yake leo iko Iran. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa msokota sufi, mtu wa kipato kidogo aliyependa kukaa na wanachuoni na kutamani watoto wake wawe kama wao. Alipohisi ajali yake imekaribia, alimkabidhi rafiki yake mcha Mungu watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, ili wasomeshwe.

Akiba ile iliisha. Mlezi wao naye alikuwa fakiri. Akawashauri waingie kwenye madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula na mahali pa kulala. Baadaye Ghazali mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni walikwenda kutafuta elimu kwa ajili ya riziki, kisha elimu yenyewe ikakataa kubaki kwa ajili ya kitu kingine isipokuwa Allah.

Wapo kati yetu waliochagua fani kwa sababu buruse ilipatikana huko, au kwa sababu nyumbani walisema fani ile ina kazi. Wengine huona aibu kwa jambo hilo na kudhani kwamba nia yao imeharibika tangu mwanzo. Imamu wetu aliingia darasani akifuata sahani ya chakula, na Allah akamfikisha alikomfikisha.

Madaftari yaliyoporwa

Alipokuwa kijana alisafiri hadi Jurjan kuendelea na masomo, akaandika madaftari mengi. Inasimuliwa kwamba wakati wa kurudi Tus, msafara wao ulivamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata nyuma, akimsihi mkuu wao amrudishie madaftari tu, maana ndani yake ndimo ilimokuwa elimu yake yote. Yule mkuu wa majambazi akamcheka: vipi anadai kuwa na elimu, na elimu yenyewe inaweza kubebwa na mwizi akabaki mtupu? Akamrudishia. Ghazali akaliona lile neno kama onyo kutoka kwa Mola wake, akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Kisa hiki tunakipenda kwa sababu kinatuhimiza kuhifadhi. Mimi hukiona pia kwa jicho la kijana aliyekuwa akikimbia nyuma ya watu wenye silaha, anakaribia kupoteza miaka ya jasho lake. Yeyote kati yenu aliyewahi kuibiwa simu yenye masomo yake yote usiku wa kuamkia mtihani anaijua hofu ile.

Kutoka Tus alikwenda Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, mwalimu mkubwa wa wakati huo, akabaki huko mpaka mwalimu wake alipofariki mwaka 1085. Kisha akajiunga na wanachuoni waliokuwa kwenye baraza la Nizamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Mwaka 1091 waziri huyo akamteua kuwa mwalimu wa Nizamiyya ya Baghdad. Hakuwa amefika hata miaka 35.

Kileleni, na maporomoko yake

Baghdad ilimpa yote ambayo mwanafunzi huota. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akifundisha wanafunzi 300, na katika muda alioiba baina ya vipindi alisoma falsafa peke yake, bila mwalimu, mpaka akaweza kuwajibu wanafalsafa kwa vitabu. Watawala walimheshimu, na watu walisafiri kutoka mbali kumsikiliza.

Ndani yake mambo yalikuwa mengine. Katika kitabu alichokiandika kuhusu safari yake ya kuitafuta yakini, al-Munqidh min adh-Dhalal, anasimulia kwamba ilikwisha kumpata hali ya kutilia shaka kila kitu, hata yale yanayoonekana kwa macho na kujulikana kwa akili. Hali ile ilidumu karibu miezi miwili, na yeye mwenyewe anaiita ugonjwa. Anasema haikuondoka kwa hoja aliyoipanga bali kwa nuru ambayo Allah aliitia kifuani mwake.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, yaani mwaka 1095. Aliitazama nia yake ya kufundisha, akaiona imechanganyika na kutafuta cheo na sifa. Alitaka kuacha, lakini hakuweza. Siku moja anaamua kuondoka Baghdad, siku ya pili anabadilisha. Asubuhi hamu ya akhera inampanda, jioni mapenzi ya dunia yanaivunja. Akakaa katika mvutano huo karibu miezi sita.

Mwishoni mwili wenyewe ukakataa. Ulimi wake ukafungwa. Alijilazimisha kusomesha hata siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi waliomjia, lakini neno halikutoka. Huzuni ikashuka moyoni, chakula kikakosa njia ya kupita, hata maji yakawa shida kumeza. Nguvu zikamwishia. Matabibu walioitwa walikata tamaa ya dawa. Walisema jambo hili limeanzia moyoni na kutoka hapo limeenea mwilini, na hakuna njia ya kulitibu mpaka ule wasiwasi ulio ndani upumzishwe.

Ndugu zangu, tusipite hapa haraka. Hujjatul Islam aliugua hivi. Alikuwa anaswali, anaijua Qur'ani na anawafundisha wengine dini. Elimu yake haikumzuia kuugua, wala ugonjwa wake haukuwa ushahidi kwamba hana imani. Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna Mwislamu anayethubutu kusema kwamba Nabii wa Allah alipungukiwa imani. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akimuomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni. Na zaidi ya miaka 100 kabla ya Ghazali kuzaliwa, Abu Zayd al-Balkhi aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na inahitaji tiba yake. Wazee wetu katika elimu walilijua jambo hili zamani.

Aliyoyafanya

Alipoona hana tena uwezo wa kuamua, Ghazali alimkimbilia Allah, kukimbilia kwa mtu aliyeishiwa njia. Anasema Allah akaufanyia wepesi moyo wake kuachana na cheo, mali, watoto na marafiki. Lakini tazama alivyoondoka. Hakutoroka usiku akawaacha watoto wake wakiwa na njaa. Aligawa mali yake, akabakiza kiasi cha kumtosha yeye na kuwalisha watoto. Mwezi wa Dhul Qaada mwaka huo huo akatoka Baghdad, akiwa amewaambia watu kwamba anaelekea Makka, huku moyoni amekusudia kwanza Sham.

Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti, anafunga mlango, na kushinda humo. Kutoka hapo akaenda Baytul Maqdis, ambako alikuwa akiingia Qubbatus Sakhra kila siku na kujifungia. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahim, kisha akaenda Hijja na kumzuru Mtume Madina. Baada ya hapo, anasema wazi, sauti za watoto wake zilimvuta arudi nyumbani. Aliendelea kutafuta upweke kwa takriban miaka 10, lakini anakiri kwamba mambo ya familia na riziki yalimkatizakatiza, na utulivu kamili aliupata kwa vipindi tu.

Hapo pananifariji sana. Sisi hudhani aliyepona ni yule asiyesumbuliwa tena na kitu. Imamu huyu aliishi na utulivu unaokuja na kwenda, na bado ndani ya miaka hiyo ndipo alipoiandika Ihya.

Mwaka 1106 aliombwa na serikali arudi kufundisha, safari hii Nishapur. Aliwashauri watu wema aliowaamini, kisha akakubali. Yeye mwenyewe anasema kwamba kwa nje ilionekana amerudi, lakini kwa ndani hakurudi alikotoka: zamani alieneza elimu inayoleta cheo, sasa anafundisha elimu inayomwondolea mtu tamaa ya cheo. Baadaye akatulia Tus, akiwa na madrasa kando ya nyumba yake. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alipomwandikia akiwa na wasiwasi kwamba amesoma mengi na hajui lipi litakalomfaa, alimjibu kwa risala tunayoisoma hadi leo, Ayyuhal Walad, na ndani yake anamwita mwanangu. Alifariki Tus mwezi wa Desemba 1111, mwaka 505 Hijria.

Tunachokichukua

Simwambii yeyote aache chuo apande mnara. Ghazali alikuwa na mali ya kugawa na jina ambalo lingemsubiri. Wengi wetu tuna wazazi waliouza ng'ombe au wanaouza sambaza sokoni ili tusome. Ninayoyachukua kwake ni mambo matatu.

La kwanza, alisema. Aliuandika ugonjwa wake kwa kalamu yake, hakuuficha chini ya kilemba. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona usingizi umekuhama, chakula hakipiti, kitabu unakisoma mara nne na hakiingii, mwambie mtu unayemwamini.

La pili, matabibu walimwona, na hakuona kwamba hilo linapunguza tawakkul yake. Hapa Rwanda hospitali za wilaya zina huduma ya afya ya akili, na safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukiwa na mituweli yako. Najua mzaha wetu: mtu akitaja huduma hiyo, wenzake humtajia Ndera na kucheka. Mzaha huo unawafunga watu midomo. Mimi nilikwenda mwishowe. Nilikaa nje ya mlango nikiinamisha kichwa nisionekane, na aliyenipokea alinisikiliza karibu saa nzima. Sikupona siku ile, lakini jioni nilikula.

La tatu linatuhusu sisi tuliotangulia. Ghazali aliipima nia yake mwenyewe; hakuna aliyemsimamia kitandani akimwambia kwamba anaumwa kwa sababu ya riya. Kujihesabu ni kazi ya mtu na nafsi yake. Ndugu akija kwako amelemewa, usimfungulie mashtaka ya imani. Dhikri, swala na Qur'ani ni tiba, na mhimize kwavyo ukiwa umekaa naye. Mwulize kwanza amekula lini. Mpeleke mkale pamoja, hata kama ni viazi na maharage, kisha msindikize kituo cha afya, na umngojee nje mpaka atoke.

Mimi safu ya nyuma msikitini naijua. Baada ya Isha huwa nakaa pale kidogo. Aliye mwaka wa kwanza na hana wa kumwambia, anifuate hapo.

Allah amrehemu Imamu Ghazali, azifungue ndimi zilizofungwa na azitulize nyoyo zenye dhiki. Wabillahi tawfiq.