Hobley na Askari wa Boma la Ziwani

Mwanafunzi wa historia anayetaka kujua jinsi Kisumu ilivyoanza hana budi kukutana na jina la Charles William Hobley. Si ajabu, kwani ndiye aliyezisimamia sehemu hizi kwa niaba ya Waingereza tangu mwaka wa 1895, na ndiye pia aliyeandika habari zake. Mwalimu anapowasomea wanafunzi wake habari za vita vya Lumboka au vya Uyoma, aghalabu anawasomea, pasipo kujua, taarifa ya yule yule aliyeviongoza. Yafaa basi tuyatazame maisha ya bwana huyu, pamoja na ya wale waliobeba bunduki zake.

Hobley alizaliwa Uingereza mwaka wa 1867, akasomea Birmingham, akawa mjuzi wa uhandisi na wa miamba. Alitua Mombasa mwaka wa 1890 akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuchunguza mawe na udongo. Kampuni ile ilipodhoofika kwa kukosa fedha, alihamia katika utumishi wa serikali ya Uganda. Msomaji akumbuke kwamba wakati huo nchi yote kuanzia Naivasha hadi ziwani ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Kisumu haikuunganishwa na nchi tuitayo Kenya hadi 1902. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 27 au 28, aliyefunzwa kusoma mawe, alivyojikuta Mumias mwaka wa 1895 akiwatawala watu ambao lugha zao alikuwa bado hazijui.

Boma la Mumias lilikuwa penye mji wa Nabongo Mumia wa Wanga, katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Buganda. Msomaji asidhani kwamba lilikuwa na kuta za mawe na mizinga kama Ngome ya Yesu kule Mombasa. Wala asidhani kwamba Waingereza ndio waliowafundisha watu wa kandokando ya ziwa kujenga ngome. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, upande wa Migori, zilikuwapo karne kadhaa kabla ya Hobley kuzaliwa, na Wabukusu walikuwa wakikaa katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Nguvu ya boma la Mumias ilitoka kwa askari wake.

Na askari hao walikuwa nani? Wengi walikuwa Wasudani, watu walioandikwa jeshini na serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha. Stanley alipomwondoa Emin mwaka wa 1889, askari wengi waliachwa nyuma karibu na Ziwa Albert. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard aliwafuata huko akawachukua, mamia ya askari pamoja na maelfu ya wake, watoto na watumishi wao, akawafanya kuwa jeshi la Uganda. Watu hawa hawakuwa na nchi ya kurudia. Walihamishwa kutoka boma hadi boma, leo Buganda, kesho Mumias, kesho kutwa Ravine, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wapagazi, tena ilicheleweshwa. Katika vitabu vya shule wametajwa kwa neno moja tu, Wasudani, kana kwamba walichipuka kutoka ardhini siku ya vita na kutoweka vita vilipokwisha.

Vita vya kwanza vikubwa vya Hobley vilikuwa vya 1895 dhidi ya Wabukusu. Kikosi cha Wasudani kilikuwa kimetumwa kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, nacho kikaangamizwa. Hobley akakusanya jeshi la kulipiza kisasi: Wasudani, Waganda, watu wa Mumia, na Wamaasai waliokuwa wamekimbilia Wanga. Wabukusu walipigana kwa ushujaa Lumboka, kisha wakajihifadhi katika ngome ya Chetambe. Mikuki na bunduki chache hazikuweza kuizuia bombomu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Waluo wa Ugenya, na mwaka wa 1899 watu wa Seme, Sakwa na Uyoma, ambao mifugo yao ilitekwa kwa wingi.

Katikati ya mambo hayo, mwaka wa 1897, Wasudani wenyewe waliasi. Waliamriwa kufuatana na msafara wa Meja Macdonald bila ya kuambiwa waziwazi waendako, ilhali walikuwa wamechoka na walitaka kwenda na wake zao. Waliasi huko Ravine, wakapitia Nandi na Mumias, wakaiteka ngome ya Luba huko Busoga, kwenye ufuo wa ziwa. Meja Thruston na Waingereza wenzake wawili wakauawa humo. Uasi ulizimwa kwa askari walioletwa kutoka India na kwa msaada wa Waganda wengi. Kwa maoni yangu uasi huu wastahili nafasi kubwa zaidi darasani, kwa sababu ndipo tunapowaona askari wa boma wakidai haki yao.

Reli ndiyo iliyoihamisha serikali kutoka Mumias. Hapo awali ilikusudiwa iishie Port Victoria, lakini Hobley aliitambua faida ya Ghuba ya Ugowe, mahali ambapo wenyeji walikuwa wakienda kubadilishana chakula. Inasemekana jina la Kisumu latokana na shughuli hiyo. Makao yalihamia huko, na mnamo Desemba 1901 reli ikafika kwenye ufuo, kituo kikapewa jina la Port Florence. Mji wa kwanza ulikuwa upande wa kaskazini wa ghuba. Baadaye ulihamishwa hadi kwenye mwinuko ulipo sasa, ili kukwepa maradhi.

Haingekuwa haki kumwonyesha Hobley kama mtu wa bunduki peke yake. Aliuzunguka mlima Elgon mwaka wa 1896, na mwaka wa 1902 akachapisha uchunguzi wake juu ya makabila na lugha za sehemu hizi. Mwaka wa 1911 mnyama wa kale wa jamii ya tembo, ambaye mifupa yake ilipatikana Karungu kando ya ziwa, alipewa jina lake. Lakini ni Hobley huyu huyu aliyekuwa mkuu wa jimbo la pwani mwaka wa 1914, Wagiriama walipopigwa na kutozwa faini kubwa.

Alistaafu, akarudi kwao, na mwaka wa 1929 akatoa kitabu kinachosimulia safari ya Kenya kutoka mikononi mwa Kampuni hadi kuwa koloni. Kwa miaka karibu 40 kitabu hicho kilikuwa kama shahidi pekee. Ndipo mwaka wa 1967 Bethwell Ogot akachapisha historia ya Waluo wa kusini, na Gideon Were historia ya Abaluyia, wote wawili wakitegemea masimulizi ya wazee. Upande wa walioshambuliwa ukapata kusikika. Upande wa askari bado. Wajukuu wao, tunaowaita Wanubi, wako Kibos nje kidogo ya Kisumu, wako Mumias, wako Kibera. Mwaka wa 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwalimu wa Kisumu anaweza kuwapeleka wanafunzi wake Kibos kwa matatu, na kurudi nao kabla ya jua kutua. Waende na daftari, wawaulize wazee babu zao walitoka wapi, walilipwa nini, na ni nani aliyewaambia wakae hapo.

Hobley alifariki mwaka wa 1947. Mumia, mwenyeji wake, alimfuata mwaka wa 1949, akiwa mzee sana, naye hakuwa ameandika kitabu.