Robert Smalls: Usiku mmoja wa kuiba meli, miaka hamsini ya kulinda uhuru

Hebu jifanye ni wewe. Ni saa tisa za usiku, tarehe 13 Mei 1862. Uko gatini katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Una miaka 23 na wewe ni mtumwa. Mbele yako kuna meli ya mvuke yenye mizinga, na wazungu watatu wanaoisimamia wameshuka kwenda kulala mjini. Ukibaki, kesho utaamka mtumwa. Ukiondoka na hiyo meli ukashikwa, hakuna kesho.

Utafanya nini?

Robert Smalls alishika usukani.

Tukisikia habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wengi wetu tunamkumbuka Abraham Lincoln na ndevu zake, basi, tunaishia hapo. Leo wacha nikupe huyu jamaa mwingine. Na usikimbilie kusema unaijua hadithi kwa sababu umesikia ya meli. Ya meli ni tamu, sikatai, lakini iliisha kabla jua halijapanda. Iliyobaki ilimchukua maisha yake yote.

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mjini Beaufort, South Carolina, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya familia ya McKee. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa kazi za ndani. Sheria ya huko ilikuwa rahisi na katili: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Hakuna mjadala.

Alipofika miaka 12, bwana wake alimpeleka Charleston kukodishwa. Ndiyo, kukodishwa, kama vile wewe unavyokodisha pikipiki. Akafanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini. Mshahara ulilipwa, lakini karibu wote ulikwenda kwa bwana. Yeye aliachiwa chenji.

Bandarini ndiko alikopata shule yake. Alijifunza kushona matanga, kufunga kamba, na mwishowe kuongoza meli. Alijua kila mkondo wa maji, kila mchanga uliojificha chini, kila ngome na ishara yake. Kazi aliyofanya ni ya rubani, lakini cheo hicho hakupewa mtu mweusi mtumwa. Walimwita tu mshika usukani. Kazi ya rubani, jina la kibarua. Unaijua hiyo hali? Basi.

Mwaka 1856 alimuoa Hannah Jones, mtumwa aliyefanya kazi hotelini. Wakapata mtoto wa kike. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, kwa sababu mke na mtoto walikuwa mali ya mtu mwingine. Siku yoyote huyo mtu angeweza kuwauza mbali, na Smalls asingekuwa na la kusema. Alipouliza bei ya kuwakomboa, aliambiwa dola 800. Alikuwa ameweka akiba ya dola 100. Piga hesabu ya mtu anayeachiwa chenji, uone angemaliza lini.

Wakati huo nchi nayo ilikuwa inapasuka. Lincoln alichaguliwa rais mwishoni mwa 1860, na matajiri wa Kusini wakaona utumwa wao uko hatarini. South Carolina ilikuwa ya kwanza kujitoa, tarehe 20 Desemba 1860. Majimbo yaliyojitenga yalifika 11. Utawasikia watu wakisema ati vita vile vilihusu haki za majimbo. Kasome tangazo ambalo South Carolina yenyewe ilitoa kueleza kwa nini inajitoa: utumwa umetajwa waziwazi, tena mara nyingi. Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na pamba waliyochuma ndiyo ilikuwa utajiri wa Kusini. Aprili 1861 mizinga ya Kusini ikaipiga ngome ya Fort Sumter, pale pale kwenye mlango wa bandari ya Charleston. Vita vikaanza.

Smalls akajikuta anaongoza Planter, meli iliyobeba mizinga na askari wa jeshi la Kusini. Fikiria uzito wake: anasaidia kubeba silaha za kupigania utumwa wake mwenyewe. Lakini kutoka bandarini aliziona meli za serikali ya Muungano, zile za Kaskazini, zikiwa zimeziba njia ya bahari. Uhuru ulikuwa unaonekana kwa macho. Katikati kulikuwa na ngome tu.

Turudi usiku ule. Yeye na watumwa wenzake walikuwa wamekubaliana jambo moja: wakikwama, wataizamisha meli na kufa nayo. Hakuna kurudi. Waliwasha moto wa mvuke, wakapitia gati jingine kuwachukua wake na watoto. Wote pamoja, watu 16. Smalls akavaa koti la nahodha na kofia yake pana ya majani, akasimama vile nahodha alivyozoea kusimama. Kila ngome waliyoikaribia, alipiga honi ya mvuke kwa ishara sahihi, taratibu, kama mtu aliye kazini. Walipofika Fort Sumter, mwendo wa saa kumi na nusu alfajiri, walinzi waliona kofia, wakasikia ishara, wakawaruhusu. Walipogundua kwamba meli inaelekea kwa adui, mizinga haikuweza tena kuifikia.

Lakini hatari ya pili ilikuwa mbele. Meli ya Kaskazini iliyoitwa Onward iliona chombo cha adui kinakuja gizani, ikajiandaa kufyatua. Wakapandisha shuka nyeupe ya kitandani. Kulikuwa kunapambazuka, na shuka ikaonekana kwa wakati.

Smalls hakuwakabidhi meli na mizinga pekee. Alileta kitabu cha ishara za siri za jeshi la Kusini, na kichwani mwake alibeba ramani ya mabomu ya majini yaliyotegwa bandarini. Alijua yalipo kwa sababu Planter ndiyo iliyotumika kuyatega. Serikali ilimtunuku dola 1,500. Bei ya mke na mtoto ilikuwa 800, unakumbuka? Kufikia hapo hakuhitaji kumlipa mtu.

Sasa, mtu mwingine angechukua pesa zake akahamia Kaskazini kutulia. Smalls hakutulia. Agosti mwaka huo huo alikuwa Washington, katika ujumbe ulioiomba serikali iwaruhusu watu weusi kupigana. Wizara ya Vita ikatoa ruhusa ya kuandikisha hadi watu 5,000 kwenye eneo lililokuwa mikononi mwa Muungano kule South Carolina. Yeye mwenyewe akarudi vitani kama rubani, safari hii kwa jina lake halisi la kazi. Aprili 1863 alikuwa kwenye usukani wa meli ya chuma Keokuk iliposhambulia Charleston. Ilipigwa mizinga karibu mara 90, ikazama asubuhi iliyofuata. Yeye akatoka hai. Desemba mwaka huo, akiwa tena kwenye Planter, risasi zilipozidi nahodha mzungu alikimbilia kujificha kwenye stoo ya makaa. Smalls akachukua uongozi, akaitoa meli salama, akafanywa nahodha.

Halafu sikia hii. Mwaka 1864 aliipeleka Planter Philadelphia kwa matengenezo. Huko ni Kaskazini, upande wa watu wema, sivyo? Siku moja alipanda gari la abiria, yale ya kukokotwa na farasi kwenye reli. Akaambiwa ampishe mzungu kiti. Shujaa wa vita, nahodha wa meli! Hakukubali kusimama pale nje kwenye ubao kama mzigo. Alishuka akatembea kwa miguu. Habari zikaenea, watu wakakasirika, na mwaka 1867 jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria ya kukomesha ubaguzi ndani ya magari hayo. Shika hiyo picha ya Smalls anatembea kwa miguu. Tutairudia.

Akiwa Philadelphia alitafuta pia walimu wamfundishe kusoma na kuandika vizuri. Mtu mzima, mwenye familia, mwenye jina, ameketi na daftari. Nakuambia haya kama mtu aliyeacha chuo katikati, kwa hivyo sikuhubirii. Nasema tu kwamba alijua anachokosa, akakifuata bila haya.

Na ile nyumba ya Beaufort, ambayo alizaliwa kwenye kibanda chake cha nyuma? Serikali iliichukua kwa sababu ya kodi isiyolipwa, ikaipiga mnada. Aliyeinunua ni Smalls. Mwenye nyumba wa kabla ya vita alimshtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Familia yake inasimulia kwamba mke wa bwana wake wa zamani alirudi akiwa mzee aliyechanganyikiwa akili, akidhani nyumba bado ni yake, na Smalls akampa chumba. Wewe ungempa?

Vita viliisha 1865 baada ya watu wasiopungua laki sita kufa. Utumwa ukafutwa kwenye katiba ya nchi. Na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, ile ambayo haitengenezewi filamu.

Mwaka 1868 South Carolina iliandika katiba mpya. Wajumbe wengi walikuwa weusi, na haikuwa ajabu, kwani weusi ndio waliokuwa wengi jimboni. Smalls alikuwa mmoja wao. Jambo alilolishikilia ni shule: shule za umma, bila malipo, kwa watoto wote. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa utotoni alitaka mtoto wa kila mtu alikanyage. Akachaguliwa bunge la jimbo, kisha seneti ya jimbo, na kuanzia 1875 akaingia Bunge la taifa, Washington, kwa vipindi kadhaa.

Lakini waliokuwa mabwana hawakuwa wamelala. Kampeni za 1876 zilikuwa za damu. Magenge ya wazungu wenye silaha, waliovaa mashati mekundu, yalivamia mikutano na kuwatisha wapiga kura weusi. Katika kijiji cha Hamburg wanaume weusi waliuawa, wengine wakiwa tayari wameshikwa mateka. Mwaka 1877 wanasiasa wa taifa wakaelewana, na jeshi la serikali likaacha kuzilinda serikali za Kusini. Weusi wakabaki peke yao. Mwaka huo huo Smalls alishtakiwa kwamba alipokea hongo ya dola 5,000 akiwa seneta wa jimbo, akahukumiwa miaka mitatu. Yeye alikana. Gavana alimsamehe mwaka 1879, katika mapatano ambayo pia yalifuta mashtaka ya wizi wa kura dhidi ya wapinzani wake. Unaona biashara ilivyofanyika.

Kisha ikaja 1895, na huu ndio mwaka ninaotaka uondoke nao. South Carolina iliitisha mkutano wa katiba nyingine. Safari hii wajumbe weusi walikuwa sita tu, kati ya wajumbe wapatao 160. Smalls, sasa mzee wa miaka 56, alikuwa mmoja wa hao sita. Lengo la mkutano halikufichwa: kuwanyang'anya weusi kura bila kutaja rangi yao. Njia ilikuwa hii. Anayetaka kujiandikisha aonyeshe kwamba anaweza kusoma na kuandika kifungu cha katiba, au awe na mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Na anayeamua nani amefaulu ni msajili mzungu. Hakuna bunduki, hakuna moto. Karatasi na kalamu.

Smalls alisimama, akabishana nao kwa takwimu na historia yake mwenyewe. Akashindwa, kwa sababu sita hawawezi kuwashinda zaidi ya mia moja na hamsini. Ilipofika saa ya kutia sahihi, alikataa. Palipotokea tishio kwamba asiyetia sahihi hatalipwa gharama za safari, akajibu kwamba ni afadhali atembee kwa miguu hadi nyumbani Beaufort. Unaona? Yule yule wa Philadelphia.

Katiba ilipita hata bila sahihi yake. Kwa muda mrefu watu weusi wa South Carolina walibaki na uhuru wa jina tu. Sheria ya taifa iliyovunja kabisa vizuizi hivyo vya kura ilikuja 1965. Smalls alikuwa amefariki tangu 23 Februari 1915, ndani ya nyumba ile ile ambayo zamani alikuwa mali yake.

Leo jina lake limerudi baharini. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliipa manowari yake moja jina la Robert Smalls. Awali manowari hiyo ilibeba jina la pambano ambalo jeshi la Kusini lilishinda.

Hapa mtaani tunapenda sana hadithi za usiku mmoja. Yule aliyethubutu, yule aliyetoboa. Na Smalls alithubutu kweli. Lakini alichopata kwa usiku mmoja, wengine walikaa chini miaka thelathini wakakirudisha kidogo kidogo: uchaguzi huu, kesi ile, kifungu hiki. Hawakuhitaji kumkamata. Walihitaji tu watu wengi wachoke, na wachache wakubali kutia sahihi.

Kwa hivyo siku utakapomsimulia mtu habari za Smalls, anza na meli, maana itamfanya asikilize. Ila usimwache aondoke kabla hujafika 1895, kwa mzee aliyeweka kalamu chini.