Hevesy na Udongo wa Mrima

Magharibi ya Msambweni, katika kaunti ya Kwale, kipo kilima kiitwacho Mrima. Kukiita Kilima cha Mrima ni sawa na kusema kilima cha mlima, lakini tuyaache hayo ya isimu. Udongo wake una thoriamu, madini yatoayo miale, na aghalabu itajwapo miale, kinachotangulia ni hofu. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, ningependa walimu na wanafunzi wa pwani ya kusini wamjue mtu aliyeifanya miale kuwa mtumishi wa wagonjwa.

George de Hevesy alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1885. Mwaka 1911 alifika Manchester, Uingereza, kufanya kazi chini ya Rutherford, ambaye alimkabidhi shughuli ngumu: aitenge radiamu D na risasi (ya madini, si ya bunduki) iliyochanganyika nayo. Alijaribu kila njia ya kikemia asifaulu, kwani radiamu D ni risasi yenyewe, ila ni isotopu yenye kutoa miale. Mwingine angaliiacha kazi hiyo. Hevesy aliligeuza swali: ikiwa hakuna kemia iwezayo kuwatenga ndugu hawa, basi yule atoaye miale anaweza kutiwa kidogo miongoni mwa wenzake, na popote watakapokwenda, kipimamiale kitawafichua. Mwaka 1913, mjini Vienna, yeye na Fritz Paneth walilithibitisha wazo hilo.

Husimuliwa pia kwamba alimshuku mama mwenye nyumba alimopanga kuwa makombo ya wapangaji yalikuwa yakirejea mezani. Alitia chembe nururifu katika mabaki ya sahani yake, na siku chache baadaye akapima chakula kilichoandaliwa upya. Miale ikajitokeza!

Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, alitumia isotopu ya risasi izaliwayo na thoriamu kuifuata risasi kutoka mizizi ya mmea wa jamii ya maharagwe hadi majani yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kiumbe hai kuchunguzwa kwa njia hii. Mwaka 1935 alitumia fosforasi nururifu katika panya, akaonyesha kwamba mifupa, tuidhaniayo mikavu kama mawe, hujijenga upya daima. Wanazi walipoitawala Denmark alikimbilia Uswidi mwaka 1943. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo, akafariki Freiburg, Ujerumani, mwaka 1966.

Yeye mwenyewe hakuishughulikia saratani ya matiti, lakini mbinu ni yake. Chembe hizo naziita vifuatiliaji. Nisingependa ziitwe sumu, kwa kuwa huwa chache mno. Teknetiamu ikidungwa kwenye titi, husafiri hadi tezi ya kwanza kwapani, na daktari wa upasuaji huifuata kwa kifaa cha kupimia. Tezi hiyo ikiwa safi, nyingine huachwa, na mwanamke huepushiwa hatari kubwa ya kuvimba mkono. Ipo pia glukosi iliyofungamanishwa na florini nururifu, ambayo seli za saratani huila kwa pupa, zikang'aa kwenye picha. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha fluoroestradioli, ambayo hujishikiza kwenye vipokezi vya homoni ya estrojeni, ikaonyesha uvimbe ulioenea unaoweza kutibiwa kwa dawa za kuizuia homoni hiyo.

Tatizo la florini hiyo ni saa. Kila dakika 110 nusu yake huwa imetoweka. Ikitengenezwa kwa saiklotroni Nairobi, kisha ikapakiwa garini kuelekea pwani kwa saa nane, itakayofika ni takriban sehemu moja ya ishirini. Kwa hiyo kifuatiliaji hakimfuati mama wa Msambweni. Ni yeye anayelazimika kukifuata, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, akiwa na nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza.