John Browning: Fundi aliyepima bastola kwa gramu

KATIKA barabara ya takriban kilomita 120 baina ya Lodwar na Kakuma, Turkana, ambako kwa miaka mingi magari yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majangili, silaha ya kutegemewa ni bunduki ndefu yenye uzani wa karibu kilo 4. Bastola huko ni silaha ya afisa: haimchoshi kiunoni, lakini haifiki mbali nyikani. Mizani hiyo ya wepesi na nguvu ndiyo iliyomshughulisha Mmarekani John Moses Browning kwa takriban miaka 30.

Browning alizaliwa Januari 23, 1855 mjini Ogden, jimbo la Utah. Babake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki, naye mtoto akajifunzia kazi katika karakana hiyo. Alipata hataza yake ya kwanza mwaka wa 1879, mwaka ule ule babake alipofariki. Kampuni ya Winchester ilinunua muundo huo mwaka wa 1883, ikaendelea kununua kazi zake hadi walipokosana kuhusu malipo mwaka wa 1902.

Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kupata mshirika mwingine, kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, ambacho kilianza kuunda bastola zake kabla ya karne kuisha.

Bastola zake za mwanzo za FN hazikuwa na kufuli. Kipande cha chuma cha juu kilizuiwa na uzani wake pamoja na springi pekee risasi ilipofyatuka. Muundo huo ni rahisi, ila una sharti lake: risasi ikiongezwa nguvu, chuma nacho hakina budi kuongezwa uzani. Ndiyo maana bastola yake ya mfukoni, iliyotoka mwaka wa 1906 ikiwa na urefu wa sentimita 11 na uzani wa takriban gramu 350, ilibeba risasi 6 ndogo za milimita 6.35, kila moja ikiwa na ncha ya gramu 3 hivi.

Jeshi la Marekani halikutaka udogo huo. Vita vya Ufilipino vilikuwa vimelifunza kwamba risasi hafifu haimzuii adui anayekuja mbio. Browning alikuwa amekwisha kubuni namna ya kufunga mtutu na chuma cha juu pamoja kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, hadi msukumo upungue. Kwa mbinu hiyo risasi yenye ncha ya gramu 15 ikaingia katika bastola ya kilo 1.1. Baada ya kufyatua risasi 6,000 katika majaribio bila kukwama, ilipokewa rasmi Machi 29, 1911.

Wepesi nao ulikuwa na gharama isiyopimwa kwa mizani. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe, kwa bastola ya Browning ya mwaka wa 1910, yenye uzani wa gramu 600 hivi na rahisi kufichwa nguoni. Vita vilivyofuata viliangamiza maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki.

Browning alifariki kwa maradhi ya moyo Novemba 26, 1926, akiwa kazini Herstal. Bastola yake ya mwisho ilikamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive mwaka wa 1935. Ilichukua risasi 13 zilizopangwa safu mbili, nayo haikufika kilo moja bila risasi, ingawa mpini wake ulinenepa. Polisi wa Kenya ni miongoni mwa walioitumia.

Aliacha hataza 128, na kanuni ambayo wahandisi waliomfuata hawajaitangua: bastola haiwezi kuwa ndogo, nyepesi, yenye risasi nyingi na tulivu mkononi kwa pamoja. Anayeichagua huchagua pia atakachokikosa.