Shemasi Nollet na Kile Kibofu

Sisi wa Gede na jirani zetu wa Watamu tunajua maji ya kisima yenye chumvi. Ukiyapikia chai, hata sukari haifichi. Siku hizi chumvi hiyo huweza kutolewa kwa kuyasukuma maji kwa pampu yapite kwenye utando mwembamba, chumvi ibaki nyuma. Kule Kiunga, Lamu, mtambo wa namna hiyo unaoendeshwa kwa jua ulianza kazi mwaka 2018. Lakini mtu aliyeanza kuona utando ukichagua cha kupitisha hakuwa akitafuta maji ya kunywa hata kidogo.

Huyo ni Jean-Antoine Nollet, aliyezaliwa mwaka 1700 katika kijiji cha Pimprez, Ufaransa, kwa wazazi maskini. Alisomea dini Paris akawa shemasi, lakini moyo wake ulikuwa kwa vyombo vya sayansi, navyo alivitengeneza mwenyewe. Umeme ndio uliompa sifa. Mwaka 1746 aliwapanga askari 180 wameshikana mikono mbele ya Mfalme Louis wa 15, akapitisha umeme, wote wakaruka kwa pamoja!

Mwaka 1748 alijaza spiriti ya mvinyo kwenye chupa, akafunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe (Waislamu wenzangu mnisamehe, sikukichagua mimi), akaizamisha ndani ya maji. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimefura kama mahamri kwa mafuta. Alipokidunga pini, kioevu kikaruka juu. Hakuridhika. Akageuza, maji ndani na spiriti nje, na sasa kibofu kikabonyea. Basi akajua kwamba kibofu hupitisha maji kwa wepisi kuliko spiriti. Mimi nilielewa tu siku tuliyotumia kiazi na maji ya chumvi kwa maabara.

Hapo namlaumu kidogo. Alikuwa amelishika jambo kubwa, akaliacha, akarudia umeme na kubishana na Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye mwanzoni hakuamini hata kama yuko! Jina la osmosisi lilitokana na kazi ya Mfaransa mwingine, Dutrochet, katika karne ya 19. Maji yenyewe hupenda kwenda penye chumvi. Kuyarudisha kinyume kwa nguvu, yatoke mengi ya kutosha, kulingoja utando wa Loeb na Sourirajan kule California, karibu mwaka 1960.

Nollet alifariki Paris tarehe 25 Aprili 1770, watu wakimjua kama bwana wa umeme.